SOMO LA AFYA: BAKTERIA, MARAFIKI NA MAADUI



Wengi wetu tukisikia neno bakteria tunafikiria maradhi tu. Katika somo hili utaona kwamba si kila bakteria ni adui, na kwamba adui ana njia zake, nazo zinazibika.

Bakteria ni nini?
Ni viumbe hai wadogo mno, hawaonekani bila hadubini. Kila mmoja ana seli moja tu. Huongezeka kwa kujigawa: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Penye joto na chakula, baadhi yao hujigawa kila dakika 20. Kwa mwendo huo, mmoja hufikia zaidi ya milioni 2 kwa saa 7. Ndiyo maana chakula kilichoachwa kwenye joto tangu asubuhi hadi jioni kinaweza kukudhuru hata kama hakinuki.

Marafiki
Ndani ya utumbo wako wamo bakteria wengi wanaosaidia kusaga chakula na kuwanyima wabaya nafasi. Udongoni huozesha majani yakawa mbolea. Chomoa mche wa kunde utazame mizizi: vile vinundu ni nyumba za bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Mtindi pia ni kazi yao.

Adui: kipindupindu
Bakteria wa kipindupindu hutoka na choo cha mgonjwa na kuingia kwa mdomo wa mwingine, kupitia maji, chakula na mikono. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019. Tarehe 2 Mei mlipuko wa kipindupindu ukatangazwa.

Swali: Je, dawa ya maji ndiyo inayoleta kipindupindu?
Hapana. Kwa Kireno dawa hiyo huitwa *cloro*, na ugonjwa huitwa *cólera*. Majina yanakaribiana, lakini dawa ndiyo inayomuua bakteria. Uvumi nao huua. Tarehe 7 Aprili 2024 chombo kilizama pwani ya Nampula, wakafa watu zaidi ya 90, wakiwemo watoto wengi. Viongozi wa mkoa walieleza kwamba abiria walikuwa wakikimbia kwa sababu ya uvumi juu ya kipindupindu.

Ufanye nini?
1. Tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, koroga, subiri dakika 30 ndipo unywe. Ukikosa, chemsha maji.
2. Nawa mikono kwa sabuni au majivu utokapo chooni, na kabla ya kupika, kula au kulisha mtoto.
3. Tumia choo, usijisaidie ufukweni wala karibu na kisima.
4. Mtu akiharisha majimaji kama maji ya mchele, mpe ORS na umpeleke kituo cha afya papo hapo, hata usiku. Anaweza kufa kwa saa chache. Ukikosa pakiti: lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mtoto aendelee kunyonya.
5. Usinunue antibaiotiki ovyo sokoni. Hazitibu mafua, huua na marafiki, na bakteria wanaobaki huwa sugu.

Ukisikia neno linalokutia hofu, tuulize sisi wahudumu wa kujitolea tunapopita majumbani. Uliza kwanza, kabla ya kuamini na kabla ya kumwambia jirani.