Kelele za Saa Mbili

Jumatano

Soma kwa ajili ya somo la leo: Matendo 19:23–41, 1 Wakorintho 1:10–13, 16:12, Mithali 18:13, Wafilipi 4:8.

Fungu la kukariri: Kutoka 23:2 (likariri kutoka katika Biblia yako).

Soma Matendo 19:23–41. Demetrio alitaka nini? Umati ulitaka nini?

Mahali pa michezo pa Efeso palijengwa kwenye mteremko wa kilima, na maelfu ya watu waliweza kuketi humo. Siku ile hapakuwa na mchezo. Demetrio, mfua fedha, aliona biashara yake ya vihekalu vya Artemi inatikiswa na mahubiri ya Paulo, akawachochea mafundi wenzake, na mji ukafuata. Luka anaandika jambo ambalo tusilipite haraka: wengi wao hawakujua sababu ya kukusanyika (fungu la 32). Hata hivyo walipaza sauti kwa muda wa saa mbili. Demetrio alijua anachotafuta. Waliobaki walikuwa mashabiki.

Ushabiki wa namna hiyo tunao. Ingia katika kibanda umiza chochote, Tarime mjini au Mugumu. Kijana aliyeketi kwenye benchi akitazama filamu ya Kihindi au ya mapigano mara nyingi haisikii filamu yenyewe, anamsikia anayeitafsiri. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alipata umaarufu nchini kwa kazi hiyo, na ng’ambo ya mpaka wa Sirari, Kenya, yupo DJ Afro. Mtafsiri wa namna hii hatafsiri tu. Anatania, anampa mhusika jina la mtaani, anakuambia nani shujaa na nani mjinga. Kucheka si dhambi. Lakini mtazamaji huweza kutoka na maoni aliyopewa, akayatetea barabarani kana kwamba ni yake.

Katika muziki ni hivyo hivyo. Kwa miaka mingi vijana wamegawanyika, huyu Timu Diamond, yule Timu Kiba, na wimbo mpya husifiwa au hutukanwa kabla haujasikilizwa hadi mwisho. Korintho nako kulikuwa na timu. Soma 1 Wakorintho 1:12, kisha usome 16:12. Wakati washabiki wa Paulo na wa Apolo wanagombana, Paulo mwenyewe alikuwa akimsihi Apolo aende kuwatembelea!

Soma Mithali 18:13. Fungu hili linamgusa nani kanisani kwako?

Sisi wazee tusijitoe haraka. Baba anayelaani kila filamu pasipo kuuliza inahusu nini amejibu kabla ya kusikia, kama kijana anayesifu bila kupima. Imani ya 22 kati ya zile 28 za Msingi, inayohusu Mwenendo wa Kikristo, inataka burudani zetu zifikie kiwango cha juu. Kiwango hakipimwi kwa kufumba macho. Filamu nyingi zitaanguka katika kipimo hicho, na zianguke. Ila zianguke kwa kupimwa.

Soma Wafilipi 4:8. Ni neno gani linalotajwa kwanza katika orodha ya Paulo?

Ni kweli. Na kweli si lazima ipendeze. Mwaka 2018 ilitoka filamu iitwayo In the Name of Your Daughter, ya Giselle Portenier, iliyopigwa hapa kwetu Serengeti. Inaonyesha wasichana wanaokimbia ukeketaji msimu wa Desemba, shule zinapofungwa, na nyumba salama ya Mugumu inayowapokea. Hakuna mwigizaji ndani yake. Mtu wa kwetu anaweza kuitazama akasema, “Inatuaibisha mbele ya wageni.” Hayo ni maoni ya shabiki wa kabila. Swali la Paulo ni jingine: je, ni kweli? Sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kukataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini wasichana wanaendelea kukimbia, na baadhi yao wanawakimbia wazazi wao wenyewe.

Hapa ndipo kelele za umati zinapokuwa jambo zito kuliko muziki wa redioni. Katika sherehe za tohara ya wasichana kuna nyimbo za kumsifu aliyekeketwa na za kumdhihaki aliyebaki, anayeitwa msagane. Anayeitikia kiitikio huenda hajashika wembe wala hajapokea zawadi yoyote. Ameitikia tu, kwa sababu wote wanaitikia na mdundo ni mtamu. Lakini msichana wa miaka kumi na miwili aliye ndani ya nyumba anasikia sauti zote kama sauti moja, na ya mshiriki wa kanisa imo humo.

Efeso ilitulizwa na karani wa mji, mtu asiyekuwa mwamini, aliyesimama akawaambia kwamba mwenye neno juu ya mtu alipeleke barazani.

Maswali ya kujadili:

Ni wimbo au filamu gani uliyoitetea au kuilaani kwa sababu ya wenzako tu? Uliijua kiasi gani?

Desemba, nyimbo zitakapopita mbele ya nyumba yenu, binti yako atasikia nini kutoka kinywani mwako?