Nijilipe mshahara kiasi gani?

*Nina kampuni yangu ya programu hapa Leicester, niko peke yangu. Rafiki ananiambia nijilipe pauni 5,000 tu kwa mwaka. Ni sawa?*

Rafiki yako anaikimbia bima ya taifa: kampuni hulipa 15% ya mshahara unaozidi pauni 5,000. Lakini hakumaliza hesabu. Kwa mwaka wa kodi 2025/26, jilipe 12,570. Wewe hukatwi kitu. Kampuni italipa bima 1,135.50, ila faida ikiwa chini ya 50,000, kodi yake ya 19% inapungua kwa takriban 1,654. Mia tano na ushee zinabaki mfukoni, na mwaka huo unahesabika kwenye pensheni ya serikali. Kama una ajira nyingine, muone mhasibu kwanza; msamaha wa kodi ni mmoja tu.