KUMSHITAKI ALIYEVUNJA SITARA YA NYUMBA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa sitara ya Muislamu ni haki yake kama mali yake. Katika Suratun Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba za watu pasi na idhini na salamu. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana. Naye Mtume (S.A.W.) amebainisha, kwa mapokezi ya Bukhari na Muslim, kuwa hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Basi aingizaye jicho ameingia, ijapokuwa miguu yake iko nje. Na simu ipigayo picha juu ya ua wa makuti ni jicho.

MASALA: Mtu wake wa nyumbani amepigwa picha uani kwa siri, na picha imepelekewa watu. Je, akimshitaki mtenda, atakuwa amesengenya?

JAWABU: La. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa aibu yake, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kumshitaki dhalimu wake kwa mwenye uwezo wa kumpa haki. Hind binti Utba alimshitaki mumewe, Abu Sufyan, kwa Mtume kuwa hampi matumizi ya kutosha, wala hakukemewa. Lakini ruhusa hii ina mpaka. Mwenye kulisimulia barazani si mshitaki, bali ni msengenyaji. Na mwenye kuieneza picha ile ili watu waone alivyodhulumiwa, amelifunua tena lile alilotaka lisitirike.

Wala asijitwalie hukumu. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamemruhusu mwenye nyumba kumtupia kijiwe achunguliaye tunduni kwa kusudi, wakati yumo katika kuchungulia. Akisha kuondoka, ruhusa imekwisha, hubaki hakimu. Basi hapana hoja hapo kwa mwenye kumfuata mtu na panga siku ya pili.

SHARTI ZA SHTAKA NI NNE:

Ya kwanza, yakini. Mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi, na dhana si ushahidi.

Ya pili, kuandika: siku, saa, mahali, mashahidi, na anachokitaka, mathalan picha ifutwe. Asizidishe neno.

Ya tatu, kutaja kadiri ya haja. Picha aione mwenye kupokea shtaka tu.

Ya nne, kujua mlango. Hapa Pemba, ugomvi wa majirani huanza kwa sheha, ambaye kusuluhisha ni katika kazi zake. Likiwa zito, liende polisi na mahakamani. Mahakama ya Kadhi huangalia ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Shtaka la jirani kwa jirani si lake. Na Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inahifadhi maisha ya mtu ya faragha, maskani yake na mawasiliano yake. Ama ikiwa aliyetoa siri ni kampuni ya simu, iandikie kwanza na uweke nakala. Isipokusikiliza, ishitaki kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa Sheria Namba 11 ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inafika Zanzibar katika mambo ya Muungano, na simu ni katika hayo.

TANBIHI: Kusamehe kuna ujira mkubwa, lakini msamaha ni wa aliyedhulumiwa. Akiwa ni mkeo au binti yako, haki ni yake. Usisamehe kwa niaba yake kwa kumwonea haya jirani, wala usimnyamazishe kisha ukasema umemsitiri. Kumsitiri ni kumkomesha mwenye kumfunua.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.