Ndugu yako akikamatwa: maelezo, dhamana na wakili

Mtu akikamatwa, familia hukimbilia dhamana. Hawakosei, ila kuna jambo la kuwahi kabla ya dhamana, nalo ni maelezo ya onyo. Karatasi chache anazoandika mpelelezi kituoni ndizo zitakazosomwa mahakamani miezi mingi baadaye, na wapo wanaofungwa kwa maneno waliyosaini bila kuyasoma.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20 ya sheria za Tanzania, inamtaka askari anayekuhoji ataje jina na cheo chake, akueleze kosa unalotuhumiwa na akuonye kwamba hulazimiki kujibu zaidi ya kutaja jina na anwani yako. Akujulishe pia kuwa una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa kawaida wa mahojiano ni saa nne tangu uwekwe chini ya ulinzi. Ukiongezwa, nyongeza isizidi saa nane, nawe ujulishwe. Mahakama ya Rufani imewahi kuyaondoa kwenye ushahidi maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo. Kwa hiyo kariri saa uliyokamatwa na saa uliyoanza kuhojiwa, umweleze wakili mkionana.

Kabla ya kusaini, soma kila ukurasa. Kama husomi, dai usomewe. Neno ambalo hukulisema lisahihishwe palepale, nawe utie sahihi kando yake. Nafasi tupu iliyobaki juu ya sahihi yako ipigwe mstari. Unaweza pia kuomba kuandika maelezo kwa mkono wako mwenyewe. Ukiwa umepigwa, usisubiri kesi ianze kusikilizwa: mwonyeshe hakimu majeraha siku ya kwanza unapofikishwa mbele yake, na uombe upelekwe hospitali ukiwa na PF3, fomu ya polisi ya matibabu.

Sasa dhamana. Dhamana ya polisi hailipiwi, hata senti moja. Mdhamini huja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, anasaini hati, basi. Akisaini shilingi milioni mbili, hatoi fedha siku hiyo. Atadaiwa tu mtuhumiwa akiruka dhamana. Anayekudai "ya mafuta" au "ya karatasi" anaomba rushwa, na TAKUKURU wapo kwa ajili hiyo. Wala usikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa ni Ijumaa jioni, basi mpaka Jumatatu. Mahakama hufungwa, kituo hakifungwi, na mkuu wa kituo anaweza kumwachia mtu kwa dhamana siku yoyote. Kwa makosa yasiyo makubwa, ikionekana mtuhumiwa hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, sheria inataka aachiwe kwa dhamana.

Yapo makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa hayo kuwa kinyume cha Katiba, lakini Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Naona ni kifungu kinachoumiza, maana mtu anaweza kukaa mahabusu miaka kisha akaachiwa huru. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na anayewaahidi "kumtoa" ndugu yenu kwenye shtaka la mauaji kwa fedha ya haraka anawaibia.

Hapo ndipo vishoka, yaani mawakili bandia, wanapovuna. Huzagaa nje ya mahakama na vituo, wamevaa suti, wanafahamiana na kila mtu. Wakili halali ana leseni inayohuishwa kila mwaka, na jina lake unaweza kulitafuta kwa simu kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Muulize kama ameshaendesha kesi za aina hiyo na ada inahusu hatua ipi, ya dhamana tu au hadi hukumu, kisha mwandikiane na akupe risiti. Akikuhakikishia ushindi, tafuta mwingine.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu hakimu au jaji kuagiza mshtakiwa maskini apatiwe msaada, na kwenye kesi za mauaji Mahakama Kuu humpangia wakili anayelipwa na serikali. Omba mapema, kwa sauti, na uhakikishe ombi lako limeandikwa kwenye mwenendo wa kesi.