Betri Mpya, Oringi Mpya

Betri ya CR2450 ni kidude cha duara chenye upana wa milimita 24.5 na unene wa milimita 5, cha volti 3. Ndiyo inayoendesha kompyuta nyingi za kuzamia za mkononi, zikiwemo Suunto Zoop na Mares Puck. Kuitoa na kuweka nyingine ni kazi ya dakika chache. Kinachotaka utulivu ni oringi, ule mpira mwembamba ulio chini ya kifuniko. Ukiwa mita 30 chini, shinikizo ni mara nne ya lile la ufukweni, na kati ya maji hayo na sakiti hakuna mlinzi mwingine.

Kwa hiyo usinunue betri peke yake. Tafuta seti ya modeli yako, yenye betri na oringi pamoja. Oringi ya zamani, hata ikionekana nzima, imeshabonyea kwa kukaa mahali pamoja muda mrefu, na ukiirudisha hailali tena kama ilivyolala mwanzo.

Siku ya kazi nayo ichague vizuri. Kompyuta inahesabu naitrojeni iliyobaki mwilini mwako baada ya mbizi. Zipo modeli ambazo zikikosa umeme husahau hesabu hiyo, na zikiwaka tena hukuchukulia kama mtu ambaye hajagusa maji wiki nzima. Usibadilishe betri kati ya mbizi ya asubuhi na ya mchana hata kidogo. Ngoja mpaka saa za kutopanda ndege ziishe kwenye kioo, kisha ongeza siku nzima juu yake.

Ioshe kompyuta kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke kabisa. Kaa mezani penye mwanga, tandika kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, na zima feni. Feni nimeitaja makusudi: niliwahi kufunga kifuniko nikaridhika, halafu nikaona ncha ya unywele imechomoza pembeni. Unywele mmoja ukilala juu ya oringi unatosha kuwa njia ya maji. Nilifungua, nikaanza upya.

Toa oringi ya zamani kwa kijiti cha mbao au cha plastiki. Sindano na bisibisi hukwaruza mfereji, na mkwaruzo huo hautibiki. Futa mfereji, uangalie ukiuinamisha kwenye taa. Oringi mpya ipake grisi ya silikoni kidogo sana, ing'ae tu, kama kitabu cha modeli yako kinataka grisi. Vaseline iache kabatini. Grisi isiguse betri wala vile vyuma vinavyopokea umeme. Betri ishike kwa kingo zake, alama ya kujumlisha ielekee kama ilivyochorwa ndani. Kifuniko kikikataa kuzunguka, usikilazimishe. Kitoe, uone oringi imekunjika wapi.

Kama kompyuta yako haina kifuniko cha betri cha kufunguliwa na mtumiaji, au ndani umekuta kutu ya kijani, mpelekee fundi wa vifaa vya kuzamia. Muulize swali moja: utaipima kwenye tangi la presha? Fundi wa saa wa mtaani anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko wote, lakini bila tangi hilo hawezi kujua kama imeziba. Zile za kuchaji zilizofungwa moja kwa moja ni za mtengenezaji.

Betri ya zamani izungushie selotepu na uiweke mbali na watoto. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili, na hapo ni hospitali mara moja.

Mbizi ya kwanza iwe fupi, kwenye maji ya kina kidogo, na saa na jedwali la kuzamia mkononi. Ukiona ukungu ndani ya kioo, panda taratibu, ufike juu, utoe betri palepale.