Somo letu: Mnunuzi akirudisha mali

Ndugu wanachama, siku hizi koperative nyingi zinauzisha mavuno kwa telefone. Tunaweka picha ya maharagi kwenye WhatsApp, mnunuzi anatuma feza, mali inapanda gari. Ni vizuri. Lakini mnunuzi ameona picha tu, hajashika mali kwa mkono. Akiikataa, itakuwaje?

Koperative moja tunayoisindikiza iliuzisha Bukavu mifuko 10 ya kilo 100. Feza ziligawanywa zote siku ile ile. Kisha mnunuzi akapiga simu: mifuko 3 ina joto, inanuka ukungu. Alikuwa na haki, maharagi yalifungwa bila kukauka vizuri. Sanduku lilikuwa tupu. Mtunza feza alilipa kwa minervali ya watoto wake, na mpaka leo hataki tena kazi ile.

Ili isitupate sisi pia, tupatane haya mbele ya kuuzisha:

1. Kupima ukavu. Weka maharagi na vijiko vichache vya chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, maji yamepita 15 kwa mia: rudisha juani. Kwa kuweka miezi mingi, yakauke zaidi, karibu 13 kwa mia.

2. Kuweka ushahidi. Kikombe kimoja kutoka kila mfuko kifungwe, kiandikwe tarehe, kibaki depo. Piga picha ya kila mfuko ukiwa juu ya mizani. Bila hivyo, ni neno lake na neno letu.

3. Siku za kulalamika. Ziandikwe pamoja na bei: «Fungua mifuko siku inapofika. Ukiona ubaya, tuma picha mbele ya siku 3 kuisha.»

4. Nani analipa. Kosa likiwa letu, tunarudisha feza na tunalipa transporti. Mnunuzi akibadili mawazo tu, transporti ni yake. Mvua ikilowesha njiani, tunamuuliza mwenye gari. Ndiyo sababu asaini kwamba alipokea mifuko mikavu.

5. Kurudisha feza. Tunarudisha ya mifuko mibaya tu, kwa numero ile ile iliyolipa, watu wawili wa komite wakiwa pale. Ujumbe wa telefone usifutwe, na iandikwe kwenye kitabu.

6. Kutogawana yote. Tuseme kilo ni dola 1: mifuko 10 ni dola 1.000. Gaweni 700, mbakize 300 mpaka siku za kulalamika ziishe. Kama hakuna shida, 300 zinagawanywa nazo.

Angalisho: mali iliyorudi isichanganywe na nzuri. Mahindi au karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Tusiyauzishe pahali pengine kwa bei ya chini, mtu atakula. Na mbegu iliyotoka mikononi mwetu isirudi kuitwa mbegu, juu ya hatujui ilichanganywa na nini.

Kazi ya mkutano ujao: kila koperative iandike kanuni zake kwenye karatasi moja, isomwe kwa sauti, wanachama wapige kura. Kisha ibandikwe kwenye mlango wa depo, na picha yake itumwe kwa kila mnunuzi mbele hajalipa.

Mnunuzi aliyerudishiwa feza bila kelele atarudi msimu ujao. Mavuno mema!