Kadi ya Matibabu Usiirudishe Bado

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka upande wa gare, barua yako nimeisoma polepole, maana najua shida hiyo si ya nyumba yako peke yake. Unasema mwajiri wa baba watoto ameleta karatasi mpya. Makato ya matibabu yanapanda, familia italipa sehemu ya kila bili ya hospitali, na kadi itaandikwa watoto watatu tu, nanyi mna watano. Shemeji amechoka. Anataka arudishe kadi, na hizo pesa azinunulie mahindi ya kuweka. Unaniuliza kama amekosea.

Hasira yake ina haki, lakini kadi asiirudishe. Na hiyo karatasi asiitie sahihi kabla ya kuuliza jambo ambalo naona hakuna aliyeliuliza pale kazini: gharama hizi ni za nani?

Kwa mfanyakazi wa mkataba, Kongo yetu haina mfuko wa taifa wa matibabu unaokata mshahara wa kila mtu kama ilivyo Kenya, ambako tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Huko aliyekuwa anapata shilingi 100,000 alikuwa anatoa 1,700 kwa mwezi, sasa anatoa 2,750, na kelele zake umezisikia. Kwetu wengi wanadhani CNSS ndiyo inayolipa hospitali, kwa sababu wanaona jina lake kwenye karatasi ya mshahara. Sivyo. CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS kwa sheria ya 2016, inashughulika na pensheni, posho za familia, na ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Malaria ya mtoto wako haimo.

Malaria ya mtoto wako ni deni la mwajiri. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka ampe mfanyakazi na familia yake matunzo: daktari, dawa, meno, upasuaji, kulazwa, na uzazi pia. Na familia kwa sheria hiyo ni mke au mume, pamoja na watoto wa kuzaa na wale uliowachukua kihalali kuwalea. Hakuna mahali inaposema wa nne na wa tano wajitunze wenyewe. Mwajiri anaweza kupitia kampuni ya bima, na kampuni zipo, maana sheria ya 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, na kuanzia 2019 za binafsi zikapewa vibali. Anaweza pia kupatana na hospitali moja kwa moja. Njia ni yake kuchagua, lakini wajibu haumtoki kwa sababu bima imepanda bei.

Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu hapa Kamina tumelisahau, sisi ambao tulipaswa kulijua kuliko wengine. Mji huu ni wa reli. Wazee wetu wa kampuni za reli, BCK na baadaye SNCC, walijua kwamba namba ya kazi ya baba inafungua mlango wa hospitali kwa mama na watoto. Mishahara ya reli ilipoanza kuchelewa, miezi ikawa miaka, familia nyingi zilijikuta zinanunua dawa zenyewe. Watoto waliokulia katika hali hiyo ndio wafanyakazi wa leo, na wengi wao wanaona matunzo ni wema wa bosi. Ukiamini ni wema, utakubali upunguzwe bila kuuliza.

Basi shemeji afanye hivi. Aende kwa mjumbe wa sendika pale kazini, aombe kuona mkataba wenyewe kati ya mwajiri na kampuni ya bima au hospitali, si muhtasari uliobandikwa ukutani. Asiende peke yake. Mimi ninajua hofu ya mtu mwenye watoto watano anayeogopa kuitwa mkorofi, na sitamwambia mume wa mtu ajitupe mbele pekee. Waende wanne, watano, wenye shida moja. Wakikataliwa, wapeleke shauri kwa Inspekta wa Kazi, ambaye kisheria anaita pande zote mbili kuzipatanisha kabla jambo halijafika mahakamani. Haligharimu kitu zaidi ya muda na uvumilivu, na mara nyingi barua ya inspekta peke yake inabadilisha sauti ya mwajiri.

Kuna jambo jingine ninataka uliangalie wewe mwenyewe, maana wewe ndiye unayeshika hesabu za nyumba. Makato hayo yameandikwa kwa dola au kwa faranga? Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu na faranga 2,000. Mwaka 2024 ikafika karibu 2,800. Mchango wa dola tano ulikuwa faranga 10,000, ukawa 14,000, na hakuna aliyetangaza kwamba bei imepanda. Mshahara wa faranga ulikaa palepale. Mkilazimika kuchangia, ombeni mchango uandikwe kwa faranga; ukibaki kwa dola, siku faranga ikipata nguvu muulize kama makato yanashuka nayo.

Halafu chukua bili ya mwisho ya hospitali, uiweke mezani. Kadi ililipa nini? Kwa kawaida inalipa kumwona daktari na vipimo vya labo. Lakini serumu, kateta, glavu, sindano, mtu anaambiwa akavinunue kwenye farmasi ya ng'ambo ya barabara, usiku, kwa pesa za mfukoni. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyokula mfuko, na kwa kuwa havimo kwenye bili, hakuna anayevihesabu. Kila mara dai risiti, hata ya glavu. Itie tarehe na jina la mtoto. Mkienda kwa inspekta, bahasha ya risiti itasema mengi kuliko malalamiko.

Kwa dada zangu mnaouza samaki wa Bukama au unga wa mihogo, na ninyi ambao waume zenu hawana mwajiri wa kudaiwa, njia yenu ni mutueli ya afya, chama cha kuchangiana matibabu. Sheria ya Februari 2017 inazitambua na inawapa wanachama haki ya kusimamia chama chao. Kabla ya kutoa pesa, uliza orodha ya dawa inazolipa, hospitali gani ya hapa mjini inaipokea kadi, utangoja miezi mingapi kabla ya kuanza kutunzwa, na mkutano wa kusomewa hesabu ni lini. Asiyejibu la hesabu, mwache. Walimu mna mutueli yenu, MESP: mtu akiona makato yake kwenye mshahara, aulize ni wapi hapa anakotunzwa kwa pesa hiyo.

Na mchango wa mutueli ukipanda, msikimbie wote kwa pamoja. Mara nyingi unapanda kwa sababu watu wanajiandikisha wakiwa wameshaugua, wanapona, wanaacha kulipa. Wanabaki wagonjwa wenyewe kuchangiana, na hakuna mfuko unaoweza kustahimili hivyo. Andikisha nyumba nzima, mwenye nguvu na mnyonge.

Kuna pia vitu vya bure ambavyo watu wanavilipia. Chanjo za watoto ni bure. Dawa za kifua kikuu na dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi ni bure. Mpango wa uzazi wa bure wa serikali ulizinduliwa Kinshasa tarehe 5 Septemba 2023, unagharamia kujifungua, hata kwa upasuaji, na matunzo ya mtoto mchanga, na umekuwa ukienezwa mkoa kwa mkoa. Mwenye mimba asingoje uchungu: akiwa kliniki aulize kama kituo kile kimo kwenye mpango, na kama hakimo, kipi kimo.

Sasa turudi kwenye mahindi ya shemeji. Wazo la kuweka akiba si baya, na ninafurahi ana wazo. Lakini mtoto mwenye malaria kali anayehitaji damu hangoji soko lipande. Gunia linauzwa usiku ule ule kwa bei anayotaja mnunuzi, na mnunuzi anajua kwa nini mmemfuata. Akiba ya ugonjwa iwe pesa taslimu. Kama uko kwenye AVEC, yaani kundi la kuweka na kukopeshana, kundi lenu lina kasha lenye kufuli tatu na mfuko wa msaada kando ya ule wa mikopo. Simamieni huo mfuko wa msaada usikopeshwe kwa faida hata siku moja, na mwanachama apewe bila kuulizwa atarudisha lini. Likelemba ya kawaida, ya kupokezana pesa kwa zamu, haiwezi kazi hiyo, kwa sababu zamu yako haijui siku mtoto atakapougua.

Ukilazwa na pesa hazitoshi, usiweke rehani simu wala kadi ya mpiga kura. Omba kuandikiana ahadi ya malipo kidogo kidogo, mbele ya shahidi, na ubaki na nakala.

Zungumza na shemeji jioni akishakula, si mbele ya watoto wala ndugu zake. Mwonyeshe bili na risiti kwanza, sheria baadaye. Mwambie karatasi ikae kabatini mpaka amwone mjumbe wa sendika, na mwajiri akimharakisha ajibu kwamba anaomba nakala ya mkataba ili aisome na mke wake.